Mwongozo: Kupokea na kupanga nyaraka za msomi wa enzi za Makerere na Royal College

Simu huja baada ya matanga: Mzee alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kupata shahada, ameacha masanduku ya karatasi, na familia inauliza kama chuo kikuu kitayachukua. Mwongozo huu ni wa mhifadhi nyaraka kijana hapa Nairobi anayetumwa kuyapokea.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kugusa

Piga picha ya rafu, droo, na kila sanduku likiwa wazi. Yape masanduku namba jinsi ulivyoyakuta. Muulize mama wa nyumba lipi lilikaa karibu na kitanda na lipi lilitupwa stoo, uandike majibu hapo hapo.

Watoto watakuwa wameshaanza kukusaidia: picha huku, vyeti kule, barua mahali pengine. Waombe kwa heshima waache. Mpangilio wa mwenyewe ni ushahidi. Barua ya kwanza ya ajira ikikutwa kwenye faili moja na risiti za karo za wadogo zake, faili hiyo inakuonyesha mshahara wa msomi ulikwenda wapi. Zitenganishe, na risiti zitabaki makaratasi tu. Usipange kwa tarehe wala kwa mada mpaka uhakikishe kwamba hakuna mpangilio wa zamani wa kuokoa.

Hatua ya 2: Hati ya makabidhiano

Isainiwe kabla gari halijaondoka: nani anatoa, anatoa nini, nini kifungwe na hadi mwaka gani. Waeleze pia jambo linaloshangaza wengi. Karatasi inakuwa ya chuo, lakini maneno ya barua ni ya aliyeiandika, na kwa sheria ya Kenya hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo familia haiwezi kutoa ruhusa ya kuchapisha barua ambazo Mzee aliandikiwa na rafiki zake.

Hatua ya 3: Karantini

Usiyapeleke masanduku moja kwa moja kwenye ghala. Yafungulie kwenye chumba cha mbali. Ukiona wadudu hai, funga karatasi kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uache mfuko umefungwa siku nzima nje ya friza, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya karatasi baridi. Vumbi jekundu lipanguse kwa brashi laini, kutoka katikati kwenda pembeni.

Hatua ya 4: Vyuma, gundi na plastiki

Pini za stepla zilizoshika kutu zinyooshe miguu kwa nyuma ndipo uzitoe, usivute. Selotepu iache, hiyo ni kazi ya fundi wa ukarabati. Usilaminishe chochote, hata cheti, hata familia ikisisitiza. Vipande vya magazeti vitoe nakala, kwa sababu asidi yake huchafua karatasi jirani. Negativu (filamu za picha) zinazonuka siki zimeanza kuoza, zitenge siku hiyo hiyo. Majalada yasiyo na asidi ni ghali. Bajeti ikikataa, karatasi nyeupe ya fotokopi katikati ya nyaraka ni afadhali kuliko faili za kaki. Andika kwa penseli pekee.

Hatua ya 5: Kukadiria tarehe

Barua nyingi hazina mwaka, lakini kichwa cha karatasi kinasema. Royal Technical College ilifunguliwa Nairobi mwaka 1956, ikawa Royal College 1961, University College 1964, na Chuo Kikuu cha Nairobi 1970. Cheti cha Makerere chenye jina la Chuo Kikuu cha London si kosa: tangu 1949 Makerere ilikuwa na uhusiano maalumu na London, na London ndiyo iliyotoa shahada. Anwani ya Delamere Avenue huelekeza kabla ya kuitwa Kenyatta Avenue, yaani miaka ya ukoloni au uhuru ulipokuwa mchanga. Government Road ilidumu zaidi, hadi Moi alipokuwa rais mwaka 1978 ikapewa jina lake.

Angalizo: ofisi zetu hazitupi karatasi. Kichwa cha zamani kinaweza kutumika muda mrefu baada ya jina kubadilika, kwa hiyo andika "takriban" na uweke mwaka kwenye mabano ya mraba.

Hatua ya 6: Faragha

Mzee alifundisha? Basi kutakuwa na alama za wanafunzi, na wengi wao bado wako hai. Ripoti za hospitali na ugomvi wa mashamba pia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu. Funga faili hizo, uandike sababu na tarehe ya kuzifungua.

Hatua ya 7: Orodha

Kwa kila jalada: namba, kichwa, miaka, idadi ya karatasi. Eleza mpangilio upi ni wa Mzee na upi ni wako. Taja pia pengo, kwa mfano kama barua za miaka ya chuoni hazimo. Kisha ipe familia nakala ya orodha hiyo. Mara nyingi sanduku la mwisho hubaki kwa shangazi kijijini, na atakayelikuta anahitaji kujua alipeleke wapi.