Kula baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: protini kwanza, ugali mwisho

Aliyekatwa sehemu kubwa ya tumbo hubaki na mrija unaobeba mililita 100 hadi 150 hivi. Aliyetengenezewa kifuko kilichounganishwa moja kwa moja na utumbo ana nafasi ya takribani mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Nafasi hiyo ikijazwa uji na chai ya sukari, mwili hukosa protini na kuanza kujilisha misuli yake. Lenga gramu 60 hadi 80 za protini na lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku.

Fuata ratiba ya hospitali yako. Nyingi hazipishani sana na hii. Siku moja au mbili za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa, funda dogo dogo. Hadi mwisho wa wiki ya pili, ongeza maziwa yenye mafuta kidogo, mtindi usio na sukari na unga wa protini. Wiki ya tatu na ya nne, saga kwa blenda samaki asiye na miiba, kuku, au maharage uliyoyachuja maganda. Wiki ya tano na ya sita, kula vinavyopondeka kwa uma: yai, samaki wa mchuzi, dengu, boga. Baada ya hapo rudisha vya kawaida kimoja kimoja, ili kikikukataa ukijue.

Supu ya mifupa isikudanganye. Ikichujwa inakupa maji na chumvi, protini ni kidogo sana. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, na gramu 100 za samaki aliyepikwa zinafika 20. Maziwa yakikusumbua tumbo, jaribu mgando.

Ugali, chapati na mkate laini ndivyo vinavyowatesa wengi, kwa sababu hushikana na kuwa donge linaloziba njia. Nyama choma kavu nayo hukwama. Ipike na mchuzi. Ugali ungoje miezi miwili au mitatu, uje baada ya samaki na mboga, tonge dogo sana.

Tumia kijiko cha chai na sahani ndogo. Tafuna mpaka chakula kiwe rojo, na mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Kifua kikibana, kwikwi ikija au pua ikianza kuchuruzika, acha hapo hapo, hata kama mwenyeji anakusihi umalize. Usinywe ukila, subiri nusu saa baada ya mlo. Soda iache.

Juisi ya miwa, chai ya sukari nyingi na maandazi huteremka utumboni kwa kasi, hasa kwa wenye kifuko. Ndani ya nusu saa moyo hudunda, jasho hutoka, tumbo husokota na kuhara. Wengine hupata kizunguzungu saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inaposhuka.

Vidonge vya vitamini ni vya maisha yote: mchanganyiko wa vitamini na madini, B12, vitamini D, madini ya chuma, na kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu. Kalsiamu sitrati hufyonzwa vizuri hata asidi ya tumbo ikipungua. Itenganishe na chuma kwa saa mbili, na usimeze chuma kwa chai. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuleta vidonda tumboni, kwa hiyo maumivu yakija mwulize daktari dawa nyingine.

Kufunga Ramadhani katika miezi ya mwanzo ni hatari, maana lita moja na nusu haimalizwi kwa mafunda kati ya futari na daku. Ongea na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Ukishindwa kushusha hata maji kwa siku nzima, au ukitapika kwa siku kadhaa, nenda hospitali na uwaambie ulifanyiwa upasuaji huu. Vitamini B1 huisha haraka mwilini, na upungufu wake huharibu ubongo; mgonjwa hutakiwa kupewa vitamini hiyo kabla ya dripu ya glukosi.