SOMO: Umemaliza KCSE (mtihani wa kidato cha nne)? Kamilisha haya kabla KUCCPS (wanaopanga wanafunzi vyuoni) haijafungua tovuti

Kila Desemba naulizwa maswali yale yale, na kila mwaka kuna mtoto mwenye alama nzuri anayekwama kwa sababu ya herufi moja. Nayaandika hapa yote, kwa vijana wa Kisumu, Siaya, Kakamega hadi Nakuru. Soma mpaka chini kabla ya kuuliza.

1. Rudisha vitabu vya shule, uchukue cheti cha kumaliza shule.

2. Linganisha majina. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, karatasi ya KCPE (mtihani wa darasa la nane) na ile ya usajili wa KCSE, usome herufi kwa herufi. Makosa ya huku kwetu hujirudia: Khaemba limeandikwa Kaemba, jina la ubatizo liko shuleni lakini halimo kwenye cheti cha kuzaliwa. Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, nenda kwa msajili wa vizazi na vifo. Likiwa kwenye karatasi ya mtihani, anzia kwa mwalimu mkuu. Maombi hupitia QMIS, mfumo wa mtandaoni wa KNEC (baraza la mitihani), na hulipiwa.

ONYO: Usikimbilie kitambulisho ukisema utarekebisha baadaye. Jina likishaingia humo, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), laini ya simu na akaunti ya benki hulifuata, na utakuwa na kazi nne badala ya moja.

ONYO la pili: Uliza shuleni ni namba gani ya cheti cha kuzaliwa iliyotumika kukusajili KCSE, uinakili. KUCCPS unaingia kwa namba ya mtihani, mwaka wa mtihani, kisha namba hiyo ya cheti au ile ya KCPE. Kama shule ilikosea tarakimu moja, utakataliwa ukiandika iliyo sahihi.

3. Umefika miaka 18? Kitambulisho, kwa chifu au Huduma Centre. Beba cheti halisi cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi.

4. Sajili laini ya simu kwa jina lako. Laini ya shangazi itakusumbua kwenye mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi).

5. PIN ya KRA. Ukishaipata, kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni unawasilisha ritani (taarifa ya kodi) ya mwaka uliopita, hata kama huna kipato. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000. Wanafunzi wengi hawaambiwi hili.

6. Matokeo yakitoka, kadiria pointi za klasta, yaani kundi la masomo manne ambayo kozi hutazama. Chukua pointi za masomo manne ya klasta (A ni 12, E ni 1), gawanya kwa 48. Chukua jumla ya pointi za masomo saba, gawanya kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Hayo ni makadirio tu. Pointi zako rasmi utaziona ndani ya tovuti. Zipime na za kuingilia za miaka iliyopita, na chaguo la mwisho liwe kozi unayoifikia bila wasiwasi. Angalia pia alama za somo mojamoja: ualimu wa sekondari hudai C+ katika masomo yote mawili ya kufundishia, na pointi kubwa za klasta hazitakuokoa hapo.

7. Muda unaobaki, jifunze kuchapa na kutumia jedwali za kompyuta. Piga skani vyeti vyote na ujitumie kwa barua pepe.

MASWALI

kijana_wa_Nyalenda: Tovuti inafunguliwa lini?
Jibu: Baada ya matokeo. Tarehe hutangazwa na KUCCPS wenyewe.

Mbale_boy: Nikipata C naweza kufanya digrii ya uuguzi Maseno?
Jibu: Hapana. Digrii huanzia C+, na uuguzi huhitaji zaidi ya hapo. Diploma ya KMTC (chuo cha mafunzo ya tiba) huanzia C. Angalia alama zako za Biolojia na lugha.

Mbale_boy: Lakini kuna mtu amesema anaweza kunisaidia kuingia.
Jibu: Anataka pesa zako. Usimtumie.

Nyar_Ahero: Mwalimu, dada zangu wawili walipata B na jumla moja, 62, lakini klasta zao za uhandisi zilikuwa tofauti. Kwa nini?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Jumla ni moja, masomo manne ndiyo tofauti. Aliye na 36 katika yale manne anapata karibu 35.7, aliye na 42 anapata karibu 38.6. Wa kwanza huenda alama zake kubwa ziko kwenye Historia na CRE (dini ya Kikristo). Mwambie ajaribu klasta ya sheria au ualimu kwa hesabu hiyo hiyo. Huenda huko akampita mwenzake.

mzazi_Bungoma: Na asiyefika C+, mwalimu?
Jibu: Mzazi, diploma nyingi huanzia C-, cheti huanzia D. Vyuo vya ufundi kama Kisumu National Polytechnic huingiza wanafunzi Januari, Mei na Septemba, kwa hiyo hana haja ya kukaa nyumbani mwaka mzima.

mama_Njoro: Wanaotoka Kisumu kuja Chuo Kikuu cha Egerton wabebe blanketi zito na sweta. Huku asubuhi ni baridi kweli.
Jibu: Asante sana, mama. Na vyumba vya nje ya chuo?

mama_Njoro: Waulize kwanza kama kodi ina maji na stima ndani, na wasilipe kabla ya kufungua mfereji wenyewe.