Spika ndani ya mtungi wa bibi

Mtungi wa bibi ulipopasuka shingo sikuutupa. Sasa unatutolea taarabu chini ya mwembe, hapa Tanga.

Tafuta spika ya bluetooth yenye alama ya IP67: haiingizi vumbi, na huhimili maji yasiyo ya chumvi ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Laza mtungi ubavu, mdomo uelekee barazani. Upande wa chini toboa matundu mawili kwa drili ya betri, polepole, bila kupiga nyundo, ili mvua isituame. Spika ikalie vipande vya tofali, uso nje. Debe usilitumie kabisa. Bati huzuia mawimbi ya bluetooth, udongo mkavu huyapitisha. Jua likiwa kali itoe, joto huchakaza betri.