Kuvuta data za oveni na boila zije zenyewe kwenye kompyuta, kwa Telegraf na Modbus

Wakuu, hii ni kwa mafundi wa viwanda vya korosho huku kusini, Mtwara mjini, Masasi, Newala, Lindi, popote ambapo bado mtu anapita na daftari kila saa anasoma joto la oveni na presha ya boila anaandika kwa peni. Tunataka zile namba zije zenyewe. Programu ni Telegraf, ya bure, unaiweka kwenye kompyuta ndogo ya Linux, hata Raspberry Pi inatosha, inachota data kwenye mashine inazimwaga kwenye databesi ya InfluxDB, alafu grafu unaangalia kwa Grafana.

Ila kabla hujadanilodi chochote nenda kwanza kwenye paneli. Angalia kontrola ya joto kama ina terminali zimeandikwa A na B, au D+ na D-, hiyo ni RS-485 (njia ya kutuma data kwa waya) na mara nyingi inaongea Modbus, lugha ya mashine ya tangu 1979 na bado kipo kila kiwanda. Kama hazipo huenda hiyo kontrola haitoi data kwa njia hii, hakikisha kwenye kitabu chake kabla hujaibadilisha. Zikiwepo ingia kwenye menyu yake, soma namba ya kifaa (1 hadi 247, na kila kontrola iwe na yake zisigongane), spidi ambayo mara nyingi ni 9600, na pariti (mpangilio wa kukagua makosa ya data). Andika. Na kitabu cha maelekezo kitafute kwa udi na uvumba, tunachotaka humo ni ukurasa wa orodha ya rejista (vyumba vya namba ndani ya kontrola), bila huo unabahatisha.

Waya sasa. Tumia waya wa jozi iliyosokotwa, pita kontrola moja kwenda nyingine kwa mstari, usitawanye matawi kutoka sehemu moja, na kama mstari ni mrefu weka rezista ya ohm 120 ncha zote mbili. Usiupitishe sambamba na nyaya za mota. Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, ukichanganya na moshi wa maganda ya korosho, terminali zinaota kutu haraka sana, kwa hiyo vaa waya vile vichwa vya kubana na funga boksi vizuri. Ukikosa majibu geuza A na B kwanza, watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi na kugeuza hakuunguzi kitu.

Chomeka kigeuzi cha USB kwenda RS-485, weka mbpoll (programu ya kujaribu kusoma Modbus) kwa apt, alafu:

mbpoll -m rtu -a 1 -b 9600 -P none -t 4 -r 1 -c 5 /dev/ttyUSB0

Hapa usiwe na haraka. Kontrola kwenye kioo inaonyesha 72.5 na mbpoll inakuletea 725, hiyo ndo yenyewe, rejista za Modbus hubeba namba nzima ya biti 16 kwa hiyo desimali imefichwa, utagawa kwa 10 baadae. Ukipata namba za ajabu kama 17041 huenda ni desimali iliyogawanywa kwenye rejista mbili, jaribu -t 4:float. Kitu kingine kinachozungusha watu, kitabu kinasema 40001, mbpoll inaiita 1, na Telegraf inaiita 0. Ni rejista ile ile moja.

Ikishasoma sawa, zima mbpoll (porti haitumiki na wawili), fungua /etc/telegraf/telegraf.conf, kwenye sehemu ya inputs.modbus weka controller, slave_id, baud_rate, parity, transmission_mode iwe "RTU", na chini ya holding_registers mstari kama huu:

{ name = "joto_oveni1", byte_order = "AB", data_type = "FIXED", scale = 0.1, address = [0] }

Badala ya ttyUSB0 chukua lile jina refu lililopo kwenye /dev/serial/by-id, maana ukichomeka vigeuzi viwili umeme ukikatika ukirudi vinaweza kubadilishana majina, joto la boila likasomeka kwenye oveni. Mpe pia yuza wa telegraf grupu la dialout, bila hivyo atanyimwa porti. Jaribu kwa --test, namba zikitoka ndo uwashe huduma.

Umeme wenyewe unaujua. Telegraf data ambazo hazijafika InfluxDB inazishika kwenye memori, kawaida rekodi 10000, ukisoma vifaa 4 kila sekunde 10 hiyo ni kama masaa 7, ila kompyuta ikizimika zote zinapotea. Bora InfluxDB ikae kiwandani humo humo, na uweke UPS ndogo. Raspberry Pi 4 haina betri ya saa, ikiwaka bila intaneti inaandika muda wa uongo, nunua moduli ya saa. Na InfluxDB inatunza muda wa UTC, masaa matatu nyuma ya saa zetu, opereta akikwambia oveni ilizidi joto saa mbili asubuhi, kwenye databesi tafuta 05:00.

Mwisho, bosi akiwa Dar anataka kuona grafu mpe kwa VPN. Modbus haina pasiwedi, anayeifikia anaweza hata kubadilisha seti ya joto, kwa hiyo porti 502 (ya Modbus inayopita kwenye mtandao) isionekane nje kabisa.