Kabla ya Kumwonyesha Mtoto Picha ya Mtakatifu Margareta

Anza kujiandaa wewe. Itazame picha peke yako kwanza, bila haraka, kwa sababu joka lililochorwa humo limejificha gizani na wengi hulipita.

Francisco de Zurbarán, mchoraji wa Hispania, alimchora Margareta wa Antiokia kati ya 1630 na 1634. Picha iko kwenye jumba la sanaa la National Gallery, London. Ina kimo cha sentimita 163, karibu sawa na mtu mzima, kwa hiyo kama mtoto ataiona kwenye simu tu, mpimie kimo hicho ukutani. Vinginevyo atadhani ni kipicha cha kiganjani.

Ijue hadithi kabla hujaulizwa. Margareta alikuwa msichana mchungaji aliyetiwa gerezani kwa kukataa kuiacha imani yake. Huko joka likammeza, lakini kwa nguvu ya msalaba akatoka tumboni mwake akiwa mzima. Mtoto atauliza, "Ni kweli?" Usibabaike. Hata Jacobus de Voragine, aliyekusanya habari za watakatifu katika karne ya 13, hakuikubali sehemu hiyo ya kumezwa. Mwambie ni masimulizi ambayo waumini walirithishana, na kwamba joka lilisimama badala ya uovu. Jibu hilo halimvunji moyo, wala halimdanganyi.

Kifo chake ndicho kigumu. Masimulizi yanasema alikatwa kichwa, ila kwenye picha hakuna tone la damu. Kwa mtoto mdogo mimi singelianzisha. Akiuliza alikufaje, sentensi moja ya kweli inatosha: aliuawa kwa ajili ya imani yake. Kisha nyamaza, umsikilize.

Kama unaongoza watoto wa wenzako, zungumza na wazazi wao mapema. Wapo wanaoheshimu picha za watakatifu katika sala, na wapo ambao dini yao haikubali hivyo. Kila mtoto aelewe kwamba hapa anaalikwa kutazama tu.

Mkifika, usimrundikie maelezo. Muulize Margareta amevaa nini na amebeba nini. Ataona kofia pana, kitabu mkononi, fimbo ndefu ya mchungaji, na mfuko wa kusokotwa wenye mistari ya rangi unaoning'inia mkononi, ambao watoto huupenda sana. Macho ya mtoto yakishuka kuelekea miguuni pa Margareta, kwenye kiza kile, usimwonyeshe kwa kidole. Mwache alione joka mwenyewe.