Kabla ya kuchagua spika, sawazisha sauti

Unapolinganisha spika za rafuni za kubadilishia zile za zamani, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, ndipo usikilize. Sikio hudanganyika kirahisi: spika iliyo juu kidogo tu huonekana ina besi nzito na uwazi zaidi, hata kama si bora. Na spika hazitoi sauti sawa kwa umeme uleule. Spika ya KEF LS50 imeandikiwa desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ya Klipsch RP-600M 96. Pengo hilo la 11 ni kama kuongeza wati zaidi ya mara 12, kwa hiyo ukiziacha kwenye volyumu moja hakuna mashindano hapo.

Weka programu ya kupima sauti kwenye simu, ishike simu pale unapokaa, usawa wa masikio. Piga mvumo wa "shhh" kama wa redio isiyoshika stesheni, rekebisha volyumu mpaka tofauti iwe chini ya desibeli moja, kumbuka namba ya volyumu ya kila spika. Sasa piga wimbo unaoujua, wenye mwimbaji na besi ya gitaa. (Kipimo kinachoonyeshwa na simu si cha kuaminika chenyewe, ila kwa kulinganisha kinatosha.)

Njia hii haisaidii kama amplifaya ya dukani ina nguvu kuliko yako, wala haikuambii besi itakuwaje nyumbani, hasa spika yenye tundu nyuma ikibanwa ukutani. Muuzaji akikubali, omba uzijaribu kwako.