Namna ya Kusimamia Masasisho na Matoleo ya Programu Katika Ofisi Yenye Matawi Ziwa Victoria

Msimamizi wa mifumo mwenye seva Nyamagana jijini Mwanza, kompyuta za mapokezi Kirumba na tawi jingine Nansio kule kisiwani Ukerewe hateswi sana na masasisho yenyewe. Kinachomtesa ni kutojua toleo gani linatumika wapi na programu ipi inategemea ipi. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitufe chochote, tengeneza daftari la matoleo. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, mradi kila mashine iwe na mstari wake unaoonyesha mfumo wa uendeshaji (kama Ubuntu) na programu ya hifadhidata (kama PostgreSQL), kwa mfano: «Seva ya stoo, Nansio, Ubuntu 22.04, PostgreSQL 14, programu ya stoo 3.2.1, isipandishwe hadi mtengenezaji wa programu ya stoo athibitishe.» Maneno hayo ya mwisho, yanayoeleza sababu ya kuzuia, ndiyo wengi huyaacha, na ndiyo yatakayomwokoa mwenzako atakayeshika zamu ukiwa likizo.

Katika daftari hilohilo andika tarehe ambayo kila toleo litaacha kutunzwa na watengenezaji wake. Windows 10 ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali Ubuntu 22.04 inapata matunzo ya kawaida hadi 2027 na Ubuntu 24.04 hadi 2029. Mpelekee mhasibu tarehe hizo mapema, kwa sababu fedha ambazo hazikuingizwa kwenye bajeti ni vigumu kupatikana katikati ya mwaka. Zipitie tena kila mwaka, maana huweza kubadilika: waliotumia CentOS 8, mfumo mwingine wa uendeshaji, walitarajia matunzo hadi 2029, kisha Desemba 2020 wakaambiwa kwamba yangekoma mwisho wa 2021. Uamuzi huo uliwaumiza hasa watu waliokuwa wamepanga kazi yao vizuri.

Baada ya daftari, jifunze kutenganisha viraka vya usalama (marekebisho ya kuziba mianya) na matoleo mapya. Programu nyingi huandika namba tatu: katika 3.2.1, kubadilika kwa namba ya mwisho kwa kawaida humaanisha marekebisho madogo, ya katikati nyongeza, na ya kwanza mabadiliko yanayoweza kuvunja kilichokuwa kikifanya kazi. Si wote wanaofuata utaratibu huo, namba 24.04 ya Ubuntu ni mwaka na mwezi tu. Toleo kubwa lipangie siku yake. Kiraka cha usalama kijaribu kwenye mashine moja au mbili, kisha kisambaze ndani ya siku chache. Kirusi cha WannaCry kilipolipuka tarehe 12 Mei 2017, kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi, na mashine nyingi zilizoumia hazikuwa zimekiweka.

Kuhusu intaneti, usiache kila kompyuta ijipakulie masasisho yaleyale na kumaliza bando la ofisi. Kwa mashine za Ubuntu au Debian, weka programu ya apt-cacher-ng kwenye seva moja: kifurushi hupakuliwa mara moja tu, kisha mashine nyingine hukichukua hapohapo ndani.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote ni hifadhidata. Ukipandisha seva kutoka Ubuntu 22.04 hadi 24.04, unaweza kukuta PostgreSQL mbili kwa pamoja: toleo la 14 lenye data zako likiwa kwenye mlango wa mtandao (port) wa 5432, na toleo la 16 lililo tupu kwenye mlango wa 5433. Anayeunganisha programu na lile jipya huona majedwali hayapo na kudhani kila kitu kimepotea. Usifute chochote. Endesha amri ya pg_lsclusters uone lipi ni lipi, kisha hamisha data kwa amri ya pg_upgradecluster. Amri hiyo hukataa ikiwa toleo jipya tayari lina kundi la hifadhidata (cluster) lenye jina lilelile, na hapo ndipo utalazimika kuliondoa lile tupu kwanza. Soma namba mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa kuwa ukikosea unafuta mauzo ya ofisi nzima. Nakala rudufu iwe imechukuliwa kabla ya hapo, na iwe imejaribiwa kwa kurejeshwa kwenye mashine nyingine. Nakala isiyowahi kurejeshwa usiihesabu.

Umeme na mtandao navyo vina nafasi yao. Usianze kupandisha toleo ikiwa betri za UPS zimechoka. Unapofanya kazi kwa mbali, ianzishe ndani ya programu ya tmux, ili mawasiliano ya Mwanza na kisiwani yakikatika, kazi iendelee kwenye seva na wewe uikute ilipofikia. Tawi la Nansio lisasishe asubuhi ya siku ya kazi, kukiwa na mtu pale aliyeelekezwa namna ya kuwasha mashine na kusoma kilichoandikwa kwenye skrini. Sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, la tarehe 19 Julai 2024 liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na nyingi zilihitaji mtu wa kukaa mbele yake ili azirekebishe. Kwa mashine iliyo ng'ambo ya maji, jambo kama hilo lina maana ya kusubiri kivuko.

Ukimaliza, hakikisha mashine imewashwa upya pale inapohitajika, kwani kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) mpya haifanyi kazi kabla ya hapo. Kwenye Ubuntu, kuwepo kwa faili /var/run/reboot-required ni ishara kwamba bado. Mwombe karani atoe risiti moja ya kweli badala ya kuridhika na taa ya kijani. Kisha rekebisha daftari, na kila kifurushi ulichokizuia kisisasishwe kwa amri ya apt-mark hold kipe tarehe ya kuangaliwa tena, kwa sababu kilichozuiwa bila tarehe hakitapata hata viraka vya usalama.